Makaa Yaliyovuka Kizingiti

Alasiri ya siku ya pili ya theluji, Mukhta alitia makaa kwenye kangri ya mtu ambaye hakumwona uso.

Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku wa kwanza. Simu zilikuwa zimezimika zote, na kijiji chetu kizima cha Drangpora kilikuwa kikiishi kwa kangri, vile vyungu vidogo vya makaa vilivyosukiwa fito ambavyo kila mtu hutembea navyo chini ya joho lake. Kwetu hatumnyimi jirani moto. Ni haki yake, kama maji. Lakini anayeomba huingia ndani, husema Bismillahi, hukaa jikoni, na makaa hutiwa pale pale kando ya jiko. Moto haupitishwi juu ya kizingiti. Wazee walilikataza jambo hilo bila kutoa sababu, na sababu haikuulizwa, maana nani angemwacha jirani nje?

Siku ile Mukhta alimwacha. Mjukuu wake Rehana alikuwa na umri wa siku ishirini na tatu, na midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi kwa baridi. Kila mlango ulipofunguliwa, upepo ulifika mpaka ndani ya blanketi lake. Basi Posha, mjane wa nyumba ya pili, alipobisha akaomba makaa, Mukhta alifungua kiasi cha kupitisha mkono tu.

"Hunikaribishi, dada? Au leo umepika nyama?" Posha alitania kutoka nje.

"Nyama ya wapi? Nimepika mboga kavu kama wewe. Lete kangri, upepo unamla mtoto."

Kangri iliingizwa kwenye upenyo. Fito zake zilikuwa zimeganda barafu. Mukhta alisema Bismillahi, akatia makaa mawili mekundu kwa koleo, na akaona yakigeuka meusi yalipogusa jivu tu, bila mlio, bila moshi. Alidhani jivu limeloa. Akaongeza la tatu, akakisukuma chungu nje, akafunga.

Jioni ile chai haikuchemka.

Kuni ziliwaka vizuri. Miali ilipanda mpaka kwenye kitako cha birika, lakini maji yalikaa vilevile, na chumvi, ambayo kwetu hutiwa kwenye chai badala ya sukari, haikuyeyuka. Dilshada, mke wa mwanawe, alichochea, akaongeza kuni, akapuliza. Altaf mwenyewe, baba wa mtoto, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza hata msibani, alisema mama yake na mke wake wameshindwa kuchemsha maji na sasa wanausingizia moto. Akapeleka kiganja karibu na mwali ili awaonyeshe. Akakisogeza. Kisha akauingiza mkono wote katikati ya moto, akaushikilia pale huku miali ikipita kati ya vidole, na utani ukamtoka usoni.

"Mama," alisema polepole, "huu moto ni wa baridi."

Walijaribu kangri zote tatu. Makaa yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Usiku huo walimlaza Rehana katikati yao, kifua kwa kifua, wakipokezana, na kila aliyempokea alimwona ni mzito zaidi kidogo na ana baridi zaidi kidogo kuliko mara iliyopita. Mukhta aliwasimulia habari ya Posha. Hakuna aliyemlaumu. Kulipopambazuka Altaf alipanda juu ya paa kupunguza theluji kabla bati halijazama, na alipoteremka aliuliza kama ni kweli Posha ndiye aliyekuja. Mlango wa Posha una kufuli kwa nje, alisema. Theluji imefika dirishani, na hakuna hata unyayo mmoja. Hapo Dilshada akakumbuka kwamba binti yake Posha alikuwa karibu kujifungua huko mjini. Mama huyo alikuwa ameondoka na basi la mwisho, asubuhi ile theluji ilipoanza, hata hakupata kuaga.

Altaf alitoka kumwita Pir Nizam, shehe wa mtaa wa juu anayewasomea watu dua. Ni mwendo wa dakika kumi siku ya kawaida. Alirudi naye adhuhuri, wote wawili weupe mpaka kiunoni. Pir alikuwa mzee, mfupi wa maneno, na alipoketi hakutoa kitabu wala hirizi. Aliuweka mkono wake jikoni, juu ya moto, akauacha hapo kwa muda. Akamwuliza Mukhta kama alimpa mtu makaa. Akamwuliza kama alisema Bismillahi. Mukhta akakubali yote mawili, na yule mzee akainamisha kichwa.

"Huyo aliyekuja angeiba, ningemfukuza," alisema. "Lakini hakuiba, binti yangu. Ameomba, umempa, na umempa kwa jina la Mungu. Nitamfukuza vipi mtu kwa kitu alichopewa?"

Alisoma hata hivyo, mpaka sauti ikamkauka, na moto haukubadilika. Kisha akawaeleza kwamba joto la jiko limekwisha kwenda, na joto lililobaki katika nyumba ile ni la miili yao tu. Yule aliyechukua la jiko atarudi kuliomba na hilo. Safari hii hatakuja na sauti ya jirani, atakuja na sauti wanayoipenda. Usiku usimkute mtu mlangoni. Wasifungue mpaka yeye Pir arudi asubuhi, na kisitoke nje kitu chochote, hata jivu. Altaf amsindikize nyumbani, maana njia imekwisha kufukiwa, na alale huko huko.

Dilshada alilia akaomba mumewe asiende. Mzee hawezi kurudi peke yake, Altaf alisema, atazama. Alimbusu mtoto kichwani, akafunga joho. Mlangoni akageuka.

"Nikija usiku msinifungulie," alisema, akijaribu kutabasamu. "Hata nikisema nimeleta nyama."

Mukhta alifunga komeo nyuma yao.

Theluji iliendelea. Madirisha yalikuwa yamefunikwa, na mwanga uliopenya ulikuwa wa kijivu, kama wa chini ya maji, hata mtu asijue ni alasiri au ni magharibi. Wanawake wawili walikaa chini ya mablanketi yote ya nyumba na Rehana kati yao. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na huko kuacha ndiko kulikowatisha. Mukhta alikuwa akisoma kila sura anayoijua, akimaliza anaanza upya, akiomba jambo moja tu, kwamba kama ni lazima mtu achukuliwe katika nyumba ile awe yeye, aliyepitisha makaa. Aliomba hivyo mara nyingi, na moto uliendelea kuwaka mbele yake, mzuri, mwekundu, usio na faida.

Kisha wakasikia miguu ikivunja theluji, na mlango ukagongwa.

"Mama. Ni mimi, Altaf."

Dilshada alishika mkono wa Mukhta.

"Mama, Pir hajui kama nimeondoka. Nimeshindwa kukaa. Mkewe alikuwa na matofali jikoni, nimeyafunga kwenye nguo, bado ni ya moto. Ya mtoto. Fungua kidogo, nipitishe tu."

Dilshada akataka kuinuka. Mukhta alimkumbatia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akamziba mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza sikioni kwamba huyo siye, kwamba Altaf mwenyewe ndiye aliyewaambia wasimfungulie, kwamba akifungua wanampoteza mtoto. Nje sauti iliendelea, ikibembeleza, kisha ikitania, kisha ikilalamika kwamba vidole havisikii kitu tena. Mukhta alikuwa akimsikia mwanawe katika kila neno, akijikaza asimsikie, huku machozi yakimtiririka na kupoa kabla hayajafika kidevuni. Aliendelea kumshikilia mke wa mwanawe kama mtu anayeshikilia kingo za kisima, mpaka ile sauti ikasema kwa uchovu, "Basi, nayaacha hapa chini," na kitu kizito kikawekwa kizingitini.

Hapo ndipo alipoelewa. Yule wa kwanza aliomba. Huyu alikuwa haombi kitu, alikuwa analeta.

Aliinuka, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaanguka, na akiwa bado chini, kwa magoti, akitambaa kuelekea kwenye komeo, alisikia sauti nyingine kule nje, mbali kidogo, upande wa nyumba ya Posha. Ilikuwa ya mwanamke mzee. Ilikuwa na upole na kikohozi kidogo katikati. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Mukhta.

"Altaf, mwanangu. Njoo huku. Huku kuna moto."

"Naam, Mama," Altaf akajibu, kwa furaha ya mtu aliyesamehewa, na miguu yake ikaondoka mlangoni.

Mukhta alipiga kelele, na kelele zikatoka kama pumzi tu. Komeo lilikuwa limeganda. Walipolivunja wao wawili kwa mchi na mlango kufunguka, kulikuwa na matofali manne kizingitini, yamefungwa kwenye shali, na theluji pembeni yake imeyeyuka. Nyayo zilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa Posha. Bomba la moshi la nyumba ile lilikuwa likifuka moshi.

Nyuma yao, jikoni, birika likaanza kulia kwa kuchemka.

Asubuhi theluji ilikuwa imekatika. Wanaume wa mtaa walikwenda na Pir Nizam, wakafuata nyayo, na nyayo ziliishia mlangoni. Kufuli lilikuwa mahali pake, na juu yake kulikuwa na theluji ambayo haikuguswa. Walivunja. Ndani jiko lilikuwa limefagiliwa, baridi, na hakukuwa na mtu. Walitafuta siku nne, mpaka mtoni. Katika siku hizo Rehana alipata rangi, akanyonya, akalia kwa nguvu, na kila alipolia watu walisema Alhamdulillahi bila kumtazama bibi yake.

Posha alirudi barabara ilipofunguliwa. Aliposikia, alisema nyumba ile ataibomoa na mbao atazichoma. Mukhta alikwenda kwake, akashika upindo wa joho lake.

"Usibomoe, dada. Kama yumo, atatoka aende wapi na baridi hii?"

Posha hakutania. Alimtilia ufunguo mpya mkononi, akahamia kwa binti yake.

Ufunguo huo Mukhta anao mpaka leo, ameufunga kwenye pindo la ushungi. Kila siku baada ya swala ya alasiri huenda mpaka kwenye mlango ule, akasimama, akamwombea mwanawe, akarudi. Hajawahi kubisha. Wanaomwuliza huwaambia kwamba anaogopa jambo moja tu, kuitikiwa kutoka ndani kwa sauti yake yeye mwenyewe, si ya mwanawe.