Pamba Umetia?

Kila siku Selina alipotoka shule, kabla hata ya kuvua sare, alipita kwanza barazani kumwamkia baba yake. Mzee Feliksi aliitikia kwa kichwa, maana siku hizi neno marahaba lilimchukua muda mrefu mdomoni. Selina alimpa maji kwa kikombe cha plastiki, akamfuta kidevu, akamgeuzia kiti ili jua la mtaa wao wa Buzebazeba lisimpige usoni. Hapo ndipo alipoingia ndani kula ugali wake uliofunikwa.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Feliksi alikuwa fundi wa maboti pale ufukweni Kibirizi, na ukimtaja kwa wavuvi hakuna aliyeuliza ni Feliksi yupi. Mchana kutwa aligonga misumari kwenye maboti ya dagaa. Jioni, badala ya kupumzika kama watu wengine, alikaa barazani na vipande vya mninga vilivyobaki kazini, akaunda meli ndogo. Majirani walimcheka, eti mtu mzima na ndevu zake anacheza na meli za watoto. Yeye aliwajibu kwamba maboti makubwa ni ya tumbo, haya madogo ni ya moyo, kisha akaendelea kupiga randa.

Lakini usidhani meli zile zilikuwa mchezo. Kila moja aliijenga kama chombo cha kweli: mkuku chini kama uti wa mgongo, mataruma kama mbavu, mbao mojamoja juu yake, na katikati ya ubao na ubao alisindilia pamba iliyochovywa kwenye mawese ili maji yasipenye. Mafundi huiita kazi hiyo kalafati, na jamani, hakuna kazi inayochosha vidole kama hiyo. Mwisho aliipakia meli kokoto na kuiweka ziwani. Iliyoelea ilipanda rafuni sebuleni. Iliyozama ilikwenda jikoni ikawa kuni, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno mengi. Hospitalini waliwaambia wazi kwamba mkono ule wasiutegemee tena. Mezani ilibaki meli moja ambayo hakuimaliza, ina mbao zote lakini haina pamba wala rangi. Hakuna aliyethubutu kuigusa, wala kuitupa.

Siku moja akaja baba mdogo Nehemia, mdogo wake Feliksi, naye pia fundi wa maboti. Ziwa lilipojaa lilikuwa limemeza kibanda chake pamoja na vifaa vyote, na sasa alikuwa amepata kazi ya kuunda boti. Alilizungukazunguka neno lake kwa muda, kisha akalitoa: aliomba sanduku la vifaa la kaka yake. Tezo, randa, misumeno na patasi, vyote vilikuwa vinaota kutu bure. Mama Selina, aliyekuwa amerudi hoi kutoka kuuza mawese sokoni, hakuona la kubisha. Alisema hapa nyumbani hakuna tena mkono wa kuvishika.

"Upo wangu," Selina akasema.

Wakubwa wakageuka kumtazama. Kweli, binti huyu alikuwa ameshika randa ya baba yake tangu akiwa mdogo, tena kwa kusimama juu ya kigoda. Mzee Feliksi aliitazama ile meli ya mezani, kisha akasema neno moja moja: "Amalize... hii. Ikielea... sanduku... lake."

Nehemia hakuwa mtu mbaya. Alikubali kungoja hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata, akaondoka mikono mitupu.

Selina alianza kazi kwa moto, ila moto wake uliwaka upande usiofaa. Alipaka meli rangi nyeupe na ya buluu. Aliizungushia kingo za njiti za kiberiti, akaitia bomba la moshi la kifuniko cha kalamu, akaipandisha bendera. Kila aliyepita njiani alisimama kuisifu, na sifa ni tamu, tunajua sote. Pamba aliijaribu siku moja tu. Ilimtoka, akairudishia, ikamtoka tena, vidole vikamuuma, na hakuna mpita njia aliyesimama kumsifia. Akasema atafanya kesho. Kesho ilipofika, akasema kesho. Na ili rangi ikauke upesi, alikuwa akiianika meli juani kila mchana, mbao zikanywea na nyufa zikazidi kufunguka.

Ijumaa jioni aliiinua meli kwenye mwanga, akaona anga la upande wa pili katikati ya mbao. Alikuwa na rafiki yake Ella, wa nyumba ya pili, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani wakabaki hapa. Selina alikimbia jikoni, akachukua kipande cha sabuni ya mawese, akakilainisha kwa maji na kuziba nyufa zote, kisha akapaka rangi juu.

"Hiyo ni sabuni, Selina," Ella akasema. "Sabuni kazi yake ni kuyeyuka."

Selina alimjibu kwamba meli itakaa majini kidogo tu, watu waione inaelea, basi. Akishapata sanduku ataitia pamba taratibu. Ella alimtazama tu, akaenda zake kwao.

Kabla ya chakula cha jioni, baba aliomba aione. Aliipakata mapajani, akaipapasa ubavuni kwa mkono wa kushoto. Ndani hakuweza kupapasa, maana mkono mmoja hauwezi kushika na kupapasa kwa wakati mmoja. Akamwinulia mwanawe macho.

"Pamba... umetia?"

"Nimetia, baba."

Jibu lilitoka laini, kama vile si uongo. Mzee Feliksi akafumba macho kwa raha. Selina aliona raha ile usoni pa baba yake, na chakula cha jioni akakiacha sahanini.

Jumamosi asubuhi walimpakia mzee kwenye bajaji, wakashuka naye Kibirizi. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi, wapagazi wakatua mizigo, kwa kuwa hawakuwa wamemwona fundi wao tangu augue. Walikuja mmoja mmoja kumsalimu. Wengine walimshika ule mkono uliokufa, kisha wakageuza nyuso. Nehemia aliipakia meli kokoto, Selina akaingia majini hadi magotini, akaiachia.

Ikaelea. Watu wakapiga makofi, na Selina alitamani dunia isimame hapohapo. Lakini haikusimama. Meli ilianza kuinama upande mmoja, rangi ikatutumka na kubanduka, na pembeni mwa mbao likatoka povu jembamba, likawa jingi. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama meli inafua nguo. Watu wazima hawakucheka. Meli iliinama zaidi, ikajaa maji, ikaenda chini na bendera yake, na juu ya maji likabaki povu.

Selina hakuitazama meli. Alimtazama baba yake, na baba alikuwa akilitazama povu lile. Fundi aliyekaa ziwani maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Kisha mzee alimtazama mwanawe, halafu akatazama kando.

Mchana huohuo Nehemia alilibeba sanduku begani, bila neno la kusimanga. Sakafuni, pale lilipokaa miaka yote, palibaki pasafi kuliko kwingine. Mama alipafagia.

Baada ya hapo nyumba ilipooza. Selina alimwamkia baba kama kawaida, akaleta maji, akamfuta kidevu, naye alikunywa huku akitazama barabarani. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Meli, ambayo Nehemia aliiopoa, ilitupwa jikoni juu ya kuni kama desturi ilivyotaka. Mama alipikia kuni nyingine siku hadi siku na hakusema kwa nini. Selina aliona yote yamekwisha: mkono wa baba, sanduku, na sasa hata yeye mwenyewe machoni pa baba. Alikuwa amekata tamaa kabisa.

Ella ndiye aliyeuliza kama amekwisha kusema. Selina alimjibu kwa hasira kwamba aseme nini tena, wakati baba aliona kwa macho yake.

"Kuona ameona," Ella akasema. "Wewe ndiye hujamwambia."

Neno hilo lilimganda siku nzima darasani. Alipofika nyumbani alipiga magoti barazani, kikombe cha maji mkononi. "Baba, sikutia pamba. Nilitia sabuni. Nilikudanganya."

Mzee Feliksi alitazama barabarani mpaka Selina akainuka aende zake. Ndipo aliposema, "Ilete."

Wakaanza upya. Selina alikwangua sabuni na rangi kwa kisu cha jikoni. Patasi haikuwepo, akaponda msumari ukawa bapa. Pamba aliitoa kwenye mto uliochanika, mawese aliyapata kwa mama. Alisokota, akachovya, akasindilia, huku baba akikagua kwa kidole kimoja cha kushoto. Ikilegea mahali, mzee alisema, "Toa." Selina akatoa, akarudia. Vidole vilichubuka. Meli sasa ilikuwa imebabuka vibaya na haina hata kingo, na hakuna mpita njia aliyegeuza shingo kuitazama.

Alipomaliza, baba akasema, "Izamishe." Selina alipolisikia neno hilo machozi yalimlengalenga, lakini ndivyo mafundi wanavyofanya: chombo kilichokaukiana hulazwa majini hadi mbao zivimbe na kuibana pamba. Akaijaza mawe, akailaza ndani ya beseni la kufulia. Baba alilinda beseni lile siku baada ya siku, asisogee mtu.

Walipoitoa wakaifuta maji ya ndani, wakaipakia kokoto na kuirudisha juu ya maji ya beseni. Ililala upande kidogo, ikatulia. Mama alikuja na mikono yenye unga, wakaitazama wote. Muda ulipita. Selina aliingiza kidole ndani, akakuta pakavu.

"Sanduku litarudi?" akauliza.

"Halirudi."

"Na mkono wako, baba?"

"Haurudi."

Mama akageuza uso. Mzee Feliksi alivuta pumzi na kuanza kusema. Maneno yalimjia moja moja, katikati yake akipumzika, na hakuna aliyemkatiza.

"Sikuumia meli ilipozama. Meli huzama. Niliumia kwa jibu lako. Mkono wangu haufiki tena ndani, ndiyo maana nikakuuliza. Wewe ndiye mkono wangu sasa. Ukinidanganya, mimi sina mkono kabisa."

Selina alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mama alimwacha alie, kisha akamwambia kwamba rangi ni ya watu wa njiani, lakini pamba ni ya watakaopanda chombo, na hao hawatajua jina lake wala kumsifu. Watafika ng'ambo tu.

Meli ile iliyobabuka ilipanda rafuni pamoja na nyingine. Nehemia alipoiona aliigeuzageuza, akasema kwamba sanduku linabaki Kibirizi linakofanya kazi, ila Jumamosi Selina anaweza kwenda kumsokotea pamba. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Siku hizi Selina ana meli nyingine mezani. Juzi baba yake aliomba aione, akaipapasa ubavuni, akamwinulia macho.

"Pamba... umetia?"

Selina aliichungulia ndani kabla ya kujibu.

"Bado, baba. Huku nyuma bado."

Mzee Feliksi aliitikia kwa kichwa, akamsogezea kopo la mawese kwa mkono wake wa kushoto.