Sauti ya Kinanda

Lilianza jambo dogo tu: chai ya asubuhi ilikuwa na ladha ya siki. Mwalimu wa kike wa chekechea, ambaye majirani walimwita Kinanda kwa utamu wa sauti yake, alikohoa, akakohoa tena, na alipotaka kumwamkia mama yake likatoka kwaruzo tupu.

"Ni asidi ya tumboni," daktari alimwambia. "Ukilala inapanda, inaunguza koo na nyuzi za sauti. Kunywa dawa, inua mto, na usizungumze."

Asizungumze! Mama yake alikuwa kipofu. Hakuwahi kuuona uso wa mwanawe. Sauti ndiyo iliyokuwa uso.

"Mama, ni mimi," alinong'ona aliporudi.

"Wewe nani? Kama unamtafuta mwanangu, yuko jikoni. Humsikii?"

Kinanda alimsikia. Jikoni mtu alikuwa akiimba, kwa sauti yake mwenyewe. Alikimbia, akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu, ila harufu kali ya kitu kilichochacha.

Tangu hapo sauti ile haikutoka nyumbani. Ilimpigia mama soga, ikamchekesha. Kinanda alipomletea chakula, mama alisukuma sahani. "Mwanangu ameshanilisha. Nimeshiba ndi!" Na mbavu zake zikaanza kuhesabika, mashavu yakabonyea, naye mchana kutwa anatabasamu pale kitini, anafungua kinywa kama kifaranga, anatafuna hewa, anameza hewa, huku sauti tamu sikioni mwake ikimbembeleza: kula, mama, kula tena kidogo.

Mganga aliyeitwa na majirani, mama mnene mwenye utani mwingi, aliingia akicheka. Kufika jikoni, kicheko kikamkatika.

"Kidonda cha kooni ni cha daktari, endelea na dawa zake," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini sauti yako jini limeshaimeza. Nikilifukuza, linaondoka nayo. Umenielewa, mwanangu?"

Kinanda alimtazama mama yake akitafuna. Akaitikia kwa kichwa.

Mganga alipoanza kazi yake, sauti ilipasuka kwa kilio. "Mama! Wananitoa, mama! Nishike mkono!" Kikongwe akainuka, akapapasa kuta, akaangusha kiti, akipiga mayowe wamwachie mwanawe, na Kinanda, aliyemkumbatia kiunoni asije akaanguka, hakuweza kusema hata neno moja, alisikiliza tu jinsi yeye mwenyewe anavyofukuzwa, mlangoni, uani, barabarani, mbali, mbali zaidi, mpaka kilio kikawa kama cha kitoto kichanga, kisha kimya.

Jioni mama alikubali uji. Alikunywa wote, akilia. Halafu akaushika mkono ulioshika kijiko, akaupapasa kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu naye ana mikono kama hii," alisema. "Mungu akubariki, dada. Akirudi, nitamwambia akushukuru."