Mgomba wa Zénon

Jioni ile nilipita sokoni Warwick Junction kwa sababu moja tu: ndagala, wale dagaa wakavu. Kutwa nzima nilikuwa nimefundisha Kifaransa kwa watoto wa Durban wanaotamka "bonjour" kama wanatema kokwa, na nilichotaka ni kula, kujifunza Kihispania changu, kisha kulala.

Aurélie, anayewauza, alikuwa anafunga meza yake. Ni Mrundi, tunapanga naye chumba kimoja, pazia katikati.

"Mama Colette alipiga simu kwangu," alisema bila kunitazama. "Anasema ya kwako haushike. Banangojea neno yako tu."

"Wangoje."

"Mireille... utakatala mpaka lini?"

Mama Colette ni mama mkwe wangu, yuko kwao Uvira. Mwanawe, Zénon, ndiye mume wangu. Aliondoka hapa Durban kwenda Hispania kupitia Morocco, nami nikabaki nafundisha na kujifunza lugha ya huko ili nimfuate. Usiku mmoja alinipigia akiwa ufukweni. "Tunaingia bahari, Mwalimu." Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa utani. Tangu hapo, kimya. Mwaka na zaidi.

Kwao, mtu akipotea majini huzikwa mgomba badala yake. Hukata shina, hulivika shati lake, hulilaza sandukuni na kulililia kama mtu. Lakini mke lazima atamke mwenyewe: mzikeni. Na neno hilo lina ncha mbili, kila mtu kwao anajua. Ukimzikia mgomba mtu aliyekufa, umempa pa kulala. Ukimzikia aliye hai, umemuua.

Ndiyo maana nilikataa. Niliwaambia sikuolewa na mgomba na sitazika mgomba. Walisema nina kiburi cha shule. Basi na kiwe kiburi.

"Mufu bila kaburi anatafutaka mulango," Aurélie alisema, akinifungia ndagala.

"Zénon si mufu."

Nilichukua ndagala wangu nikaondoka.

Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeshaingia, na umeme ulikuwa umekatika. Nilipanda ngazi kwa mwanga wa simu, nikafunga mlango, nikawasha mshumaa, nikafungua somo langu la Kihispania kwenye simu. Mwanamke wa kwenye somo husema sentensi, hunyamaza kidogo, nawe unarudia. Nikarudia.

Nje ya mlango, mtu naye akarudia.

Nilidhani ni mwangwi wa ngazi. Jengo letu ni bovu, hata kikohozi cha jirani kinafika kwako kama mgeni.

"¿Dónde vives?" mwanamke aliuliza. Unaishi wapi?

"Vivo en Durban," nilijibu.

Nilingoja sentensi inayofuata.

"En ninguna parte," ilisema sauti ya nje. Siishi popote.

Nilizima simu. Harufu ikapenya chini ya mlango: chumvi, nguo mbichi, mwani uliooza. Kisha maji. Mstari mwembamba wa maji, ukaja polepole hadi kwenye vidole vyangu.

Tap... tap... tap...

"Mwalimu."

Niseme ukweli, sikuogopa. Nilifurahi. Niliuwekea mkono mlango, mbao zilikuwa baridi kama samaki.

"Zénon? Uko muzima?"

"Iko baridi huku, Mwalimu."

"Ngoja nifungue."

"Hapana. Usifungue."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo.

"Sikuje kuingia," ilinong'ona. "Nimechoka kusimama. Wenzangu wa mashua wote wameitwa kwao, wamelala. Nimebaki mie tu. Sema neno."

"Sitaki."

"Najua."

"Nionyeshe uso wako, kisha nitasema."

Sauti ilianza kulia. Ni kilio cha Zénon, hicho sikosei. Nilikisikia siku alipomzika baba yake, kilio cha mtu anayeuma shati asisikike. Ningevumilia lolote jingine. Hicho sikukiweza. Niliteleza chini nikakaa kwenye maji yale, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukalia wote wawili na ubao katikati.

Kisha zikasikika ndala za Aurélie zikipanda. Kile kilio kikakatika ghafla.

"Nani alimwaga mayi?" aliuliza nilipomfungulia. Nje hapakuwa na mtu. "Ngazi zote zinaloa. Na iko mutu nimepishana naye... nilimusalimia, akanyamaza."

"Ulimwona uso?"

"Mgongo tu. Alikuwa anashuka kinyumenyume, Mireille. Uso wake ulikuwa unaangalia huku juu. Kwetu."

Alijifunika kanga, akaanza kusali kwa Kirundi. Mimi nilichukua simu.

Mama Colette alipokea upesi, kana kwamba alikuwa ameishika mkononi.

"Mama," nilisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Mumuzike."

Hakupiga yowe. Alishusha pumzi tu. "Asante, mwana wangu. Umemupa pa kulala."

Walimzika Jumamosi asubuhi. Mimi sikwenda, safari ya Uvira si ya kuamka na kuondoka. Nilikaa kitandani na kanga nyeusi, Aurélie pembeni yangu, tukawafuata kwa simu. Mama alinieleza kila kitu. Alisema vijana waliinua sanduku kwa wepesi, kama unavyoinua mgomba, na wakalirudisha chini. Lilikuwa zito mno. Walilazimika kuwaita wengine.

"Ni yeye," Mama alisema, na sasa alilia. "Mutoto wangu amefika."

Nami nililia, na katika kulia kule mlikuwa na nafuu. Nilijiambia, kuishi kwingi ni kuona mengi, Mireille. Umemlaza mumeo, sasa nawe lala.

Mchana ule ule simu iliita. Namba ngeni, ndefu, ya nje.

Alikuwa mwanamke, akiongea Kihispania. Alianza kwa haraka, kisha akagundua ninaelewa, akapunguza mwendo. Alisema anapiga kutoka hospitali. Alisema kuna mwanaume aliyeokolewa baharini, hana karatasi, hana jina, amelala bila fahamu muda wote huu. Alisema wiki hii alikuwa ameanza kufumbua macho. Wauguzi walifurahi. Alikuwa akitaja namba, namba yangu hii moja, tena na tena, na walingoja apate nguvu ili aongee nami mwenyewe.

"¿Es usted su esposa?" aliuliza. Wewe ni mke wake?

"Sí."

Akashusha sauti.

"Ha muerto esta mañana, señora. Lo siento mucho."

Amekufa asubuhi hii. Pole sana.

Aurélie alikuwa ananitazama usoni, anauliza kwa macho ni nani. Yule mwanamke aliendelea kusema: kwamba hawakuelewa, kwamba hali yake ilikuwa inaendelea vizuri, kwamba alikata pumzi ghafla kama mtu aliyeitwa. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimejifunza vizuri.

Yule aliyesimama mlangoni kwangu sijui alikuwa nani. Aliijua sauti ya mume wangu, alikijua kilio chake, na hakukubali nimwone uso.

Nilisema gracias, asante, nikakata simu. Mama Colette sijamwambia hadi leo.