Kikombe cha Buluu cha Mama Emilia

Aliye karibu na mlango aurudishie, nianze.

Vikombe vilikuwa vitano. Zipora alikuwa ameweka vinne kapuni kwa mkono wake mwenyewe: cha mumewe Enoki, chake, na viwili vya Emilia na Yonathani, watoto wa marehemu mke mwenzake, Lucia. Mwanawe wa kumzaa, Sila, alikuwa bado ananyonya, kikombe hakukijua. Vinne, basi. Lakini Jumamosi ya Pasaka, alipofunua kapu aongeze chumvi, alikuta cha tano: cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni, tena kimelowa maji.

Alikijua. Kilikuwa cha Lucia, na mahali pake palikuwa juu ya kaburi la Lucia, nyuma ya nyumba penye mianzi. Mama mkwe alikiweka pale siku ya kuondoa matanga, na tangu hapo hakuna aliyekigusa.

"Emilia, nani kaleta hiki?"

"Sijui, mama mdogo."

Mama mdogo. Miaka miwili sasa neno hilo lilikuwa likimkera. Makambako nzima ilimwita mumewe baba Emilia. Yeye peke yake alimwita baba Sila, na wageni wakiwapo alilipandishia sauti. Simsemi vibaya. Alikuwa mchapakazi, na watoto wale hawakulala njaa hata siku moja. Lakini wivu alikuwa nao, tena wivu mgumu, maana mwenzio akiwa hai utavumilia: atanenepa, atazeeka, siku moja atasema upuuzi mbele za watu. Lucia hakuzeeka, wala hakuunguza chakula tena.

Safari yenyewe ilikuwa ya Njombe, kwenda kuwaonyesha watoto maporomoko ya Ruhuji. Enoki aliendesha lori la magome ya miwati, yale ya dawa ya kulainishia ngozi, na Mzungu wake alimruhusu kulichukua Jumatatu ya Pasaka. Ni mwaka ule wa kutawazwa Malkia, Wazungu walikuwa na mikono mikunjufu kidogo. Zipora alijipanga wiki nzima. Alishona gauni la maua ya njano. Alichagua jogoo wa kuchinjwa, akahesabu viazi vya kuchemsha, akaazima chupa ya chai, akaamua nani akae nyuma na nani akae mbele karibu na dereva. Mbele alijiweka yeye.

Alhamisi, wakila, Enoki akateleza ulimi. "Mama yao nilimwahidi maporomoko hayo mara tatu," alisema. "Kafa hajayaona."

Zipora hakumaliza chakula. Kumbe wiki nzima alikuwa akijiandalia safari ya mtu mwingine. Jioni ile alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama kaburini mikono kiunoni.

"Jumatatu tunakwenda Njombe," alisema. "Asubuhi, kwa lori. Mimi nakaa mbele na baba Sila. Umesikia?"

Akarudi ndani roho yake imetulia, akaimba hata wimbo wa kanisani. Siku ya tatu yake ndipo kikombe kikaja.

Alikirudisha kaburini. Jumapili, walipotoka ibadani, kilikuwa kapuni tena, chini kabisa, chini ya viazi, na safari hii kilinuka mafuta ya nyonyo. Zipora alijipaka mafuta ya dukani. Aliyejipaka nyonyo katika nyumba ile alikuwa mmoja. Kisha, akiwa bado ameinama, alisikia mtu jikoni akipuliza moto, pumzi ndefu, taratibu, kama anavyopuliza mwanamke asiye na haraka katika jiko lake. Akaenda. Jikoni hapakuwa na mtu. Moto aliokuwa ameufukia kwenye majivu ulikuwa umewaka vizuri, na Sila, mgongoni mwake, alikuwa akicheka na kupunga mkono upande wa mafiga.

Akamkimbilia mama mkwe, bibi Telesia, aliyekaa nyumba ya pili.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mbona umepauka?"

Zipora akaeleza, sauti chini. Bibi Telesia alimsikiliza bila kuacha kupukuchua mahindi, mpaka aliposikia habari ya kwenda kaburini. Hapo mikono ikasimama.

"Ulimtajia safari?"

"Nilimtajia."

"Ulimpelekea moto?"

"Moto gani, mama?"

"Mwanangu, mlifundwa nini huko kwenu Makete? Ukimtajia marehemu safari umemwalika. Kama hutaki aje, unatwaa kaa la moto jikoni kwako, unaliweka kaburini, unamwambia: dada, jiko ni lako, tulindie nyumba. Analinda mpaka mrudi. Basi."

"Na nisipofanya?"

"Safari ikishatajwa, mmoja wenu lazima abaki na nyumba. Asipobaki yeye utabaki wewe." Akashusha sauti. "Nenda kabla jua halijazama. Na liwe kaa la jikoni kwako, Zipora. La kwingine halimhusu."

"Mchungaji akisikia je?"

"Mchungaji hukumkumbuka Alhamisi."

Zipora akarudi, akatwaa kigae, akachota kaa jekundu. Alifika mlangoni akasimama. Jiko ni lako. Mafiga yale matatu Lucia ndiye aliyeyachagua, kweli, lakini miaka miwili ni nani aliyeyapaka udongo kila Jumamosi? Ni nani aliyetoka machozi kwa moshi wa kuni mbichi za masika? Amwite dada, halafu amkabidhi jiko kwa mdomo wake mwenyewe, eti kwa sababu ya kikombe? Roho yake ilikataa kabisa. Akalimwaga kaa majivuni, akavuka uzio kwa jirani yake Fidelia.

"Niazime moto, shoga, wangu umezimika."

Kuombana moto ni jambo la kila siku, Fidelia hakuuliza kitu. Zipora akalipeleka kaa lile kaburini, akayasema yale maneno harakaharaka, macho pembeni. Mvua haikunyesha, upepo haukuvuma, lakini kaa likazimika pale pale, likawa jeusi tii. Hakumwambia mtu. Usiku ule kikombe hakikuja, naye akalala akijisifu kwamba amewaweza wote wawili, mama mkwe na marehemu.

Jumatatu kulikucha na ukungu mzito. Enoki aliwasha lori, watoto wakapanda wakigombania sweta. Zipora, ndani ya gauni lake la njano, alimpakatisha Emilia mdogo wake Sila, akasema, "Mshike vizuri, nafuata kapu."

Kapu lilikuwa jikoni. Moto alikuwa ameuzima kwa maji yeye mwenyewe, aliona mvuke ukipanda, na bado, alipoukaribia mlango, aliisikia ile pumzi, ndefu, taratibu, ikipuliza na kupumzika na kupuliza tena, na harufu ya nyonyo ikamjaa puani pamoja na harufu ya udongo uliochimbwa, akataka kugeuka lakini miguu ilikuwa imeshavuka kizingiti, na pale kwenye mafiga alikuwa amechuchumaa mwanamke aliyempa mgongo, aliyevaa gauni la maua ya njano lenye mshono ule ule uliopinda begani, akalinyanyua kapu, akasimama, akageuka, na uso ulikuwa uso wa Zipora, ila macho yalikuwa ya mtu aliyengoja siku nyingi. Zipora akajitazama. Mwilini mwake palikuwa na shuka jeupe lenye madoa ya udongo, lile lile walilomzikia Lucia.

"Nimekuja kuchukua moto wangu," alisema yule mwanamke kwa upole. "Nimekukuta wewe."

Akapita. Zipora alitaka kumshika, mkono ukashika moshi. Alitaka kutoka, kizingiti hakikumruhusu. Kupitia mlangoni aliona gauni lake likipanda mbele, karibu na dereva.

"Umechelewa," alisema Enoki.

"Nilikuwa naaga nyumba, baba Emilia."

Enoki akamtazama, akatabasamu. "Leo umeniita hivyo?"

"Si ndilo jina lako?"

Sila alinyoosha mikono kutoka kwa dada yake, akapokewa, akaweka kichwa kifuani pale na kutulia. Hilo ndilo lililomvunja Zipora moyo. Alimwita mwanawe, alimwita kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kinywani ilikuwa pumzi tu, ndefu, na majivu yakapepea, na moto ukawaka. Lori likaingia ukunguni.

Walirudi jua likizama, wamechoka, wanacheka. Yonathani alikuwa akiigiza kishindo cha maji. Kutoka jikoni Zipora alisikia chai ikimiminwa, akachungulia, akahesabu: vikombe vinne, na kimojawapo kilikuwa cha buluu. Akamsikia bibi Telesia akiingia kuwapa pole ya safari, akamsikia akinusa mara mbili, pengine ile harufu ya nyonyo. Bibi alikuwa amepita kaburini mchana, akakuta pale kikombe cheupe chenye mistari myekundu, cha Zipora.

"Kamwene, mama," alisema yule wa gauni la njano.

Bibi Telesia akatupa jicho upande wa jikoni. "Kamwene, mwanangu," alijibu, akaketi.

Sila alikuwa amejifunza neno njiani. "Mama," alikuwa akisema, tena na tena. "Mama."

Zipora akalia, na moto ukawaka.

"Mama," aliuliza Emilia, ambaye hakuwahi kumwita hivyo mtu yeyote tangu mazishi, "nani anapuliza moto jikoni?"

"Kunywa chai, mwanangu. Ni mama mdogo. Anatulindia nyumba."