Mlango wa Tanuru

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere alipitia kwa fundi mfinyanzi kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa hakuna chakula kilichowahi kuiva jikoni bila yeye kufunua sufuria na kuchungulia. Darasa la ufinyanzi lilikuwa ghala kuukuu nyuma ya shule, lenye meza ndefu na ndoo za udongo. Uani palikuwa na tanuru la matofali lenye mlango wa bati zito. Watoto walifundishwa bure, maana fundi aliamini kwamba kazi ya mikono isiporithishwa hufa na mwenye nayo.

Wiki ile hata utani ulipungua. Jumatatu afisa utamaduni angekuja kutazama vyungu vya kwanza vilivyofinyangwa kwa udongo wa mto wa jirani. Udongo ukifaa, mfuko wa sanaa ungeendelea kulisaidia darasa palepale. Usipofaa, darasa lingehamishiwa mjini, na mjini ni mbali mno kwa mtoto anayetembea kwa miguu.

Jumapili asubuhi moto wa tanuru ulizimwa, vyungu vikiwa bado ndani. "Asiguse mtu mlango huu mpaka kesho," fundi alisema. "Chungu hupoa chenyewe, hakisaidiwi."

Jioni Kiherehere alitumwa chumvi dukani. Miguu ikampeleka uani kwa fundi. Alikuwa na wasiwasi na bakuli alilofinyanga mwenyewe, akajiambia atachungulia mara moja tu. Alipovuta mlango, joto lilimpiga usoni na upepo baridi ukaingia ndani. Kisha akasikia tiki. Akasikia tena, tiki, tiki. Alifunga mlango akakimbia, na chumvi akaisahau.

Kesho yake fundi alifungua tanuru mbele ya watoto wote. Chungu cha kwanza kilikuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Cha pili vilevile. Bakuli la Kiherehere lilitoka vipande viwili. Fundi alitoa safu yote ya mbele, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kimya, ulichuja udongo wote?" alimwuliza mvulana aliyekuwa na kazi hiyo, aliyeitwa hivyo kwa uchache wa maneno.

"Ndiyo, fundi."

"Vizuri, bila kokoto hata moja?"

"Nadhani," Kimya alijibu.

Fundi alishusha pumzi. "Sikulaumu, mwanangu. Huenda udongo wenyewe haufai. Afisa akija nitamwambia hivyo hivyo, siwezi kumficha."

Kiherehere alitazama vipande vya bakuli lake. Akisema, wenzake wote watamchukia. Asiposema, darasa ndiyo basi. Alisogea karibu na Kimya ili apate nguvu, lakini Kimya alikuwa akijifuta macho kwa mkono wenye udongo.

"Labda kweli sikuchuja vizuri," alimnong'oneza. "Nimewaharibia nyote."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo. Pikipiki ya afisa ilikuwa tayari inanguruma getini.

"Fundi, udongo hauna kosa," Kiherehere alisema. "Wala Kimya. Mimi nilifungua mlango jana jioni. Nilitaka kuona bakuli langu. Shikamoo, fundi, naomba unisamehe."

Salamu ilikuja mahali pasipo pake, lakini hakuna aliyecheka. Fundi aliinua kichwa.

"Ulisikia chochote?"

"Tiki, tiki."

"Basi ni upepo uliovipasua!" Fundi alisimama upesi hadi ndoo ikabingirika. Aliingiza kichwa na mabega tanuruni, akatoa chungu cha safu ya nyuma, ambako upepo haukufika. Alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kililia kama kengele. Akatoa kingine, nacho kikalia.

Afisa utamaduni, mama mmoja mwenye miwani, alikuta vyungu vizima upande mmoja na magae upande wa pili. "Na hivi vimekuwaje?" aliuliza.

Fundi alimgeukia Kiherehere. Kiherehere akaeleza mwenyewe, bila kuacha kitu. Afisa alisikiliza, kisha akajaza maji kwenye chungu kizima na kukiweka mezani. Watoto waliizunguka meza wakisubiri. Alipokiinua baadaye, meza ilikuwa kavu.

"Udongo wenu ni mzuri," alisema. "Nitapendekeza darasa libaki hapa, na shule za jirani zije kujifunza."

Kimya alicheka kwa sauti, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Kiherehere alilia.

Afisa alipoondoka, fundi alimwita. Alishika kipande cha bakuli lake. "Mwanangu, ufa huu hauzibiki. Haraka yako imetugharimu safu nzima. Lakini ungenyamaza, mimi ningesema uongo bila kujua, Kimya angebeba mzigo usio wake, na vyungu vizima vingebaki gizani. Kosa likisemwa mapema, huokoa kilichobaki."

"Nimeelewa, fundi."

"Vizuri. Tutakapochoma tena, wewe ndiye mlinzi wa mlango."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayeijua ile tiki?"