Lori Lililoitika Hodi

Lori la kijiji lilianza kuitikia hodi msimu wa pamba, mwaka uliofuata ule wa watu kuhamishwa. Burito, dereva wake, alikuwa amesimama chini, ufunguo uko mfukoni, anangoja wapakiaji wafunge turubai. Mmoja wao akaegemea kebini na kulipiga bati kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. Honi ikalia. Fupi, ya chini, kama mtu aliyeitwa akaitika huku mikono yake iko kwenye kazi nyingine.

Watu wakacheka.

"Limepata adabu," alisema mpakiaji. "Linaitika kuliko mke wangu."

Burito hakucheka. Alimwambia yule mtu asigonge tena, na alimwambia kwa sauti ndogo. Mtu mwenye mwili kama wa Burito akisema kwa sauti ndogo, wengine huacha kucheka.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, lori hilohilo ndilo lililobeba watu kutoka kwenye miji yao ya ukoo vilimani, kati ya Butiama na Nyamuswa, kuwapeleka kijiji kipya cha nyumba za mistari kando ya barabara ya Bunda. Wakubwa waliiita kazi hiyo operesheni, neno la hospitali, na kweli watu walikatwa. Burito alihamisha kila mtu bila maneno mengi. Mama yake, Wankyo, akamwacha wa mwisho.

Wankyo alikataa. Mume wake alikuwa amezikwa palepale, kando ya zizi, na yeye mahali pake alikwishapaonyesha kwa kidole.

"Nikifia huko kwenye mistari yenu," aliuliza, "njia ya kurudi nitaijuaje?"

Mgambo wakamwonyesha bunduki. Wakampandisha nyuma ya lori pamoja na chungu chake na kuku.

Njiani akaanza kugonga bati la kebini kwa kiganja. Mgambo aliyekaa mbele akasema usisimame, ukisimama watashuka wote. Burito akapiga honi, maana yake nimekusikia mama, vumilia. Mama akagonga tena, akapigiwa honi tena. Walikwenda hivyo mpaka kugonga kukaisha, na Burito akashukuru kwamba amenyamaza.

Walipofika walimkuta amekaa, ameegemea kebini, kiganja bado kimebandikwa kwenye bati, uso umegeukia walikotoka. Wakamzika kwenye ploti, kwenye mstari, kati ya watu asiowajua.

Robi, shangazi yake Burito, aliomba apewe kaniki ambayo marehemu alifia nayo. Katika ukoo wao mtu akifia njiani, ile nguo hurudishwa kwenye mji wake na kufukiwa, ndiyo inayomwongoza. Burito akasema imepotea. Uongo. Alikuwa ameificha chini ya kiti cha lori kwa sababu ilikuwa bado inanukia moshi na samli, na mwanamume mwenye ndevu akitaka kumnusa mama yake hawezi kulisema hilo mbele za watu.

Kisha waya za injini zikaanza kuchubuka. Zilikuwa na umri wa lori lenyewe, mpira umekauka na kupasuka kama kisigino cha mchungaji. Tepu haikuonekana Bunda wala Musoma, kama ilivyokuwa sabuni. Siku moja waya zilitoa moshi akiwa peke yake porini na mzigo wa pamba. Burito akaichana kaniki vipande virefu, akazifunga waya mojamoja. Kitambaa kilikuwa karibu na mkono, basi. Injini ikawaka, pamba ikafika Bunda. Na tangu siku hiyo ukiligonga lori, linaitika.

Mwanzoni ilikuwa honi tu. Baadaye kebini ikaanza kunuka samli iliyopashwa moto, tena asubuhi, kabla injini haijawashwa. Halafu jioni moja, giza linaingia, anateremka mlima na wanawake wa kijiji wamekaa juu ya magunia wakiimba, alisikia kiganja nyuma ya kichwa chake, polepole, akajiambia ni mmoja wa wale wanawake, lakini wanawake walikuwa wamekaa mbali na kebini na wimbo wao haukukatika, na kiganja kikaendelea, na yeye hakusimama, na honi ikalia bila kuguswa, na taa zote zikazima mara moja, barabara ikapotea mbele yake kama imefunikwa blanketi, na alipofanikiwa kulisimamisha lori gurudumu moja lilikuwa linaning'inia juu ya korongo.

Mwenyekiti wa kijiji alimwita asubuhi.

"Watu wanasema una jini. Mimi sijui majini, mimi najua hujuma. Lori hilo ukiua nalo watu, utakwenda kueleza majini yako wilayani. Litengenezwe."

Basi Burito akalipeleka Musoma, Kigera, kwa Wenceslaus, fundi wa umeme wa magari, mtu wa mdomo mwingi na mikono mizuri.

"Shoti hiyo," alisema fundi kabla hata ya kufungua boneti. "Waya ziko uchi, zinagusa bati, honi inalia. Nyie watu wa pamba kila kitu jini. Jini litoke pwani kote huko lije kwenu kufanya nini, kupalilia?"

"Ufunguo unakuwaga mfukoni, fundi."

"Honi haingojagi ufunguo. Inakula betri moja kwa moja."

Wayaringi mpya, yaani lile fungu zima la waya linalotoka kwenye betri kuzunguka injini mpaka kwenye taa, ilikuwa imepatikana Mwanza kwa mbinde. Wenceslaus akafungua betri, akaiweka chini kwenye vumbi.

"Haya. Betri hiyo hapo. Gonga tuone."

Burito akarudi nyuma. Fundi akamcheka, akaligonga bati mwenyewe, kwa kiganja.

Honi ikalia.

Jua lilikuwa la saa sita, barabarani watu wanapita na samaki vichwani, na Wenceslaus alisimama na mkono wake hewani kama mtu aliyesahau alitaka kuchukua nini. Kisha akainama, kwa kuwa fundi ni fundi hata akiogopa, akaingiza vidole kwenye zile waya alizodhani zimefungwa tepu nyeusi, akazikuta zina joto, si joto la injini, maana injini ilikuwa imelala tangu jana, ni joto la mtu, kama mkono wa mgonjwa unaoupata chini ya shuka, na alipovuta kipande kimoja kikamganda kidoleni, harufu ya samli ikapanda mpaka akafumba mdomo.

"Burito," alinong'ona. "Umezifunga na nini hizi?"

"Kaniki."

"Ya nani?"

Burito alitazama chini. "Ya mama."

Fundi alikipangusa kidole kwenye suruali. Kisha akasema, "Kamlete mtu wa kwenu. Mimi nitaweka waya. Hayo mengine siyo ya spana."

Robi alikuja na basi kesho yake, na alipoliona lile fungu la waya kuukuu limelala chini kwenye gunia, hakulia. Alimtazama Burito.

"Uliniambia imepotea."

"Nisamehe, shangazi."

"Siyo mimi uliyenipigia honi."

"Ni jini, mama?" aliuliza Wenceslaus.

"Jini halina kwao, linakaa popote. Huyu ana kwao, ndiyo maana anasumbua." Akajifunga kitenge chake upya. "Twende. Ile safari ilikuwa haijaisha. Akigonga, unasimama. Hata akigonga kila penye jiwe."

Walikwenda watatu, fundi naye akitaka kuhakikisha kazi yake, gunia liko nyuma peke yake. Taa zilikuwa sawa, injini inanguruma vizuri. Walipoanza kupanda vilima, kiganja kikagonga bati.

Burito akasimama. Akafungua mlango.

"Mama, tumesimama."

Nyasi zilitikisika upande mmoja wa barabara, upande mwingine zikatulia. Baada ya muda Robi akasema haya, wakaondoka. Mbele kidogo kiganja kikagonga, wakasimama tena. Burito alikuwa analia sasa, anatukana gia, anapangusa pua kwa mkono.

"Alikuwa anataka nini siku ile?" aliuliza. "Shangazi, alikuwa anataka nini?"

"Labda alitaka kukojoa tu," alisema Robi. "Nawe ukampigia honi."

Mahame yao waliyakuta yamefunikwa na majani. Nyumba ilikuwa imeanguka, lakini minyaa ya uani ilikuwa hai na mawe ya zizi yapo. Burito akachimba mahali mama yake alipopaonyesha. Wakalishusha gunia, waya na vitambaa vyake pamoja, Robi akasema maneno ya kwao, mafupi, akamtaja Wankyo na mume wake, akawaambia wakae. Kisha akaenda kwenye lori akaligonga kwa kiganja.

Kimya.

Akagonga tena kwa nguvu. Bati likalia kama bati.

"Amefika," alisema, na hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Walikuwa wameteremka nusu ya kilima, kebini inanuka mafuta tu na jasho lao, Wenceslaus alipoanza kukohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Kuna kitu. Zile waya mpya hazikuja na wa honi. Wa zamani bado ulikuwa mzima, kwa hiyo nikaurudisha."

Robi akamgeukia taratibu. "Na kitambaa chake?"

"Tepu hakuna, mama."

"Basi tumemzika nusu. Burito, geuza lori."

Burito alisimamisha lori. Aliweka mkono kwenye usukani, karibu na honi lakini bila kuigusa, akatazama kilimani. Katika kebini harufu ilikuwa imerudi, kidogo sana, kama chombo kilichooshwa.

"Kesho," alisema.

Robi alimtukana mpaka Nyamuswa. Kesho yake Burito alisema kuna mzigo wa pamba. Baadaye alisema kuna mvua. Wenceslaus alijitolea kuukata ule waya bure, Burito akamwambia auache, na jicho alilomwambia nalo lilimfanya fundi afunge boneti. Robi alikufa bila kumsamehe.

Sasa lori ni mfupa tu, kijiji kilimwachia Burito, limekaa Bweri, Musoma, kwenye kiwanja cha mtoto wake, halina magurudumu, halina injini, betri iliuzwa zamani. Waliojenga jirani wanamfahamu yule mzee. Jioni hupanda nyuma, polepole, kwa magoti yake mabovu, hukaa ameegemea kebini, na kugonga bati kwa kiganja.

Honi humwitikia. Fupi, ya chini. Anagonga tena, inaitika tena, hivyo hivyo mpaka giza linaingia, na hakuna anayesimama.