Kabla Jibu Halijaja

Foleni ya kaunta ya vifurushi, stesheni kuu ya Taipei, ilikuwa imefika mlangoni. Pei-shan, sare ya njano, nywele kazibana kwa kalamu, aliandika namba ya simu ya mteja, akasubiri kompyuta itafute.

"Ningemjua fundi wa mtambo huu, ningemnyonga," alisema.

"Ninyonge basi," akajibu mteja, kijana mwembamba wa miwani. "Ni mimi. Naitwa Kuo-liang."

Pei-shan alicheka mpaka akasahau foleni.

Tangu hapo, mtambo ukiganda alimpigia simu. Na uliganda kutwa, maana vifurushi vya miaka yote vilirundikwa kwenye jedwali moja, na kompyuta ilivipekua kimoja kimoja. Wakisubiri jibu, waliongea.

"Umekula, fundi wangu?"

"Tambi za nyama. Wewe?"

"Mimi nimekula matusi ya wateja."

"Pole, mpenzi."

Neno lilimtoka tu. Pei-shan hakulikataa. Kesho yake akampelekea pakiti ya kijani ya vitafunwa aiweke juu ya seva, maana mafundi wa Taiwan huamini bila hiyo mashine hazitulii, na ole wako muda wake ukipita.

Siku mteja aliyechoka kusubiri alipomtupia Pei-shan kifurushi usoni, naye Pei-shan akalia kwenye simu, Kuo-liang hakuvumilia. Akavitenga vifurushi vya zamani, vya sasa akavitengenezea faharasa ya namba za simu, kompyuta iende moja kwa moja kifurushi kilipo. Jibu likawa linakuja kufumba na kufumbua. Pei-shan akakosa sababu ya kupiga, na bila sababu aliona haya.

Kuo-liang akapiga yeye.

"Ulichoka kunisikia," Pei-shan alisema, "ukaona ukate mazungumzo."

"Nilichoka kusikia ukilia."

"Mjinga wewe. Si ungesema?"

Yakaisha. Lakini kampuni nayo iliona kaunta sasa inatosheka na mtu mmoja, ikamhamishia Pei-shan Hualien, ng'ambo ya milima.

Kuo-liang alimsindikiza hadi kwenye treni. "Naweza kuifuta ile faharasa leo hii. Foleni irudi, nawe ubaki."

"Halafu nani atupiwe vifurushi?"

Kuo-liang alisimama pale, mikono haina kazi.

Pei-shan akampa pakiti mpya ya kijani. "Ile muda wake unakwisha. Ibadilishe."

"Njoo uibadilishe mwenyewe."

"Wakininyima ruhusa je?"

Milango ikafungwa.

Pakiti ya kwanza imeshapitwa na muda. Wenzake Kuo-liang wanamfokea aitoe kabla mashine hazijawaumbua. Haitoi. Ile mpya ameifungia kwenye droo, anamsubiri mwenyewe aje.